SHING'WENG'WE KATUA MKOLANI, DADU IKO KWENYE SIMU!

Leo naanza na swali la kizushi. Hapo kwako mko watu wangapi, na simu ziko ngapi? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe kimoyomoyo. Maana siku hizi sebule inajaa watu lakini utadhani mko kwenye foleni ya kumuona daktari, kila mmoja kainamia kiganja chake. Baba anacheka peke yake, mama anatikisa kichwa, kijana vidole vinakimbia kama cherehani. Ukiuliza "mnacheka nini?" unaambiwa "hamna kitu."

Wapo wataalamu wa mitaani wanaosema dawa ni kuwanyang'anya watoto simu. Haya, wanyang'anye! Utaambulia nini? Watanuna wiki nzima, na wewe mwenyewe usiku wa manane utakwenda kuzichungulia kabatini kuona nani kapiga. Mimi nakuletea dawa nyingine, ambayo hapa kwetu Mkolani tumeionja na tumeona matokeo yake. Simu inabaki ndani ya nyumba, ila inafanya kazi ya kibarua, siyo ya bosi.

MCHEZO WENYEWE NI UPI?

Kumbuka ulipokuwa mdogo ukicheza baba na mama. Mmoja baba, mmoja mama, mwingine mtoto mtundu, vifuu ndiyo masufuria na udongo ndiyo ugali. Sasa chukua huohuo mchezo wa baba na mama, utie ndani yake hadithi ya bibi, utie na dadu, kisha mpe mtu mmoja kazi ya kusimulia. Basi, umeshaupata. Ni mchezo wa kuigiza wahusika, na unachezwa mezani au mkekani bila mtu kuinuka.

Msimulizi anasema, "Mmefika mtoni, maji yamejaa, daraja hakuna. Mnafanyaje?" Kila mchezaji ana mhusika wake na anajibu kwa niaba yake. Mmoja atasema anaogelea, mwingine anakata mti, mwingine anarudi nyumbani kulala. Hakuna mshindi wala aliyefungwa. Mnashinda wote au mnaliwa wote.

Na dadu ni ya nini? Ni ya kumaliza ubishi. Si unakumbuka ule ugomvi wa utotoni? "Nimekupiga, umekufa!" "Sijafa!" "Umekufa!" Mpaka mtu anakwenda kushtaki kwa mama yake. Hapa ukitaka kufanya jambo la hatari unarusha dadu, namba inaamua, mnaendelea.

Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ndio walioutengenezea sheria, ukachapishwa mwaka 1974. Waliuita Dungeons & Dragons. Mwanzo walichapa nakala 1,000 tu, kutokea mji wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, mji ulio kando ya ziwa. Kwa hiyo msomaji wangu wa Mwanza usiogope, hata wenyewe walianzia ufukweni kama sisi. Mwaka 2024 mchezo ulitimiza miaka 50, na Januari 2023 kampuni inayoumiliki iliachia sheria zake za msingi zitumike bure na mtu yeyote. Hulipi senti.

KWA NINI SHING'WENG'WE?

Kule kwao wanapigana na mazimwi yanayotema moto na wafalme wenye ngome za mawe. Mawe tunayo sisi, tena ya kutosha. Ukitoka Nyegezi kuja Mkolani mpaka Buhongwa ni mawe kulia, mawe kushoto, mengine yamekaa juu ya mengine kama yaliyopangwa na fundi aliyelewa. Na zimwi tunalo pia, tena letu wenyewe.

Msukuma yeyote aliyelelewa na bibi anamjua Shing'weng'we. Ndiye zimwi aliyemeza watu wote na mifugo yao, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Mama yule akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, na hilo neno masala maana yake ni akili. Mtoto akakua, akauliza, "Mama, watu wako wapi?" Alipoambiwa, akaondoka kwenda kumsaka Shing'weng'we. Kila mara analeta mdudu au mnyama na kuuliza kama ndiye huyu, mama anasema siye. Mwishowe akamkuta mwenyewe, akamuua, akampasua tumbo, na watu wote wakatoka wazima.

Hebu niambie, huo si mchezo tayari? Zimwi lipo, shujaa yupo, safari ipo. Kilichobaki ni dadu.

Jambo lililonisukuma hasa ni mama yangu mzazi. Alikuja kwetu kutoka Misungwi kutolewa mtoto wa jicho, akawa akae nasi wiki kadhaa, jicho moja limefunikwa na jingine likisubiri zamu yake. Sasa mtu haoni vizuri, hawezi kutazama televisheni, na wajukuu hawana maongezi naye. Wanatoka shule, "shikamoo bibi," "marahaba," halafu huyoo, wameingia kwenye simu. Kijana wangu wa kidato cha pili ndiye aliyezidi. Siku moja mama akaniita pembeni akanambia, "Mwanangu, hawa watoto wako wananiamkia kama watu wanaolipa ushuru."

Mpenzi msomaji, neno hilo lilinikaa. Bibi ana hadithi kichwani za kujaza gunia, na wajukuu zake wanajua majina ya wachezaji wote wa Ulaya lakini hawajui babu yao alizikwa wapi. Na jicho likishapona bibi anarudi zake kijijini. Muda wenyewe ulikuwa kiduchu.

VIFAA: SIMU MOJA TU MKEKANI

Tuliweka sheria ya kwanza kabla hata ya mchezo. Mkekani inakaa simu moja, kioo juu, kila mtu anaiona. Nyingine zinalala kwenye beseni mlangoni. Mama watoto ndiye mlinzi wa beseni, na msimjaribu.

Simu hiyo moja ina kazi nne.

Ya kwanza ni dadu. Mchezo huu unapenda dadu yenye pande 20, na hiyo huipati kwenye duka la Mangi. Lakini ukiingia Google ukaandika kwa Kiingereza kwamba unataka kurusha dadu, inakuletea za pande 4, 6, 8, 10, 12 na hiyo ya 20. Unabonyeza, namba inatoka. Kitinda mimba wangu wa darasa la nne akadai simu inampendelea kaka yake. Nikamwambia tuipime. Kwenye dadu ya pande 20 kila namba ina nafasi 5 katika 100. Ukirusha mara 100 unategemea kila namba itokee kama mara tano, lakini nyingine itatokea mara mbili na nyingine mara nane, na hiyo siyo hila, ndiyo bahati yenyewe. Jioni nzima alikuwa anarusha na kuandika. Hesabu ambazo shuleni zinamtoa machozi, pale alikuwa anazifukuzia mwenyewe!

Na bando likiisha? Kata vipande 20 vya karatasi, viandike 1 hadi 20, tia kwenye kikombe. Chomoa kimoja, soma, rudisha, tikisa. Kazi ni ileile.

Kazi ya pili ni kumbukumbu. Tuna jedwali dogo ndani ya simu, kila mhusika na namba zake: Nguvu, Akili, Ulimi na Uhai. Ulimi ni uwezo wa kusema na watu wakakuelewa. Unaporusha dadu unajumlisha na namba yako. Jambo la kawaida linataka ufikishe 10, jambo gumu 15. Mwenye Ulimi 4 akitaka kufikisha 15 inabidi dadu itoe 11 au zaidi, yaani nafasi 50 katika 100. Mwenye Ulimi 1 anahitaji 14 na kuendelea, nafasi zinashuka hadi 35. Hapo ndipo watoto wanajifunza kwamba siyo kila mtu apewe kazi ya kuongea na mwenye nyumba.

Kazi ya tatu ni ramani. Tulifungua ramani ya Google ile ya picha kutoka angani, tukaitafuta Mkolani yetu, tukaipiga picha na kuichorachora kwa kidole. Mapaa yale pale, mawe yale pale, barabara ya kwenda Shinyanga imepita katikati. Jiwe moja tukaliita tumbo, jingine pua. Tangu siku hiyo watoto hawapiti pale bila kuongeza mwendo.

Kazi ya nne ni masikio. Mtoto wetu wa kwanza yuko chuo, Dodoma. Naye anacheza. Tunampigia kwa WhatsApp, simu tunaitumbukiza kwenye sufuria tupu ili sauti ijae, na mdada anaunguruma kutoka humo kama yuko kisimani. Mtandao ukigoma anatuma ujumbe wa sauti: "Mwambieni mhunzi wangu anapanda mti." Na tukimaliza tunawasha kinasa sauti, bibi anasimulia kipande chake, kinahifadhiwa.

Ninyi wenye kompyuta na mtandao wenye kasi mnayo mengine. Roll20, iliyoanza mwaka 2012, inawapa watu walio mbalimbali meza moja kwenye kioo, ramani, dadu na vyote. Mwenye ndugu Ulaya aijaribu. Sisi wa sufuria tumeridhika.

Nilijaribu pia ile akili mnemba, nikaiomba initungie safari. Ikanitungia haraka kuliko ninavyopiga chafya, lakini weee! Theluji, ngome na mbilikimo wenye shoka. Theluji Mkolani jamani? Niliposoma, kitinda mimba akasema, "Baba, hiyo ya nani? Ya bibi ni nzuri zaidi." Nikaizima.

USIKU WENYEWE

Jumamosi saa mbili usiku, baada ya ugali na sato, tukatandika mkeka. Kitinda mimba alikuwa binti mvuvi wa Ukerewe mwenye mtumbwi. Wa Dodoma alikuwa mhunzi. Mama watoto alikataa kabisa kuwa mpiganaji, akasema yeye ni mama lishe mwenye sufuria kubwa na upawa, na nikwambie ukweli, ule upawa uliokoa maisha ya watu mara tatu. Kijana wa kidato cha pili alichagua kuwa mcheza nyoka wa kundi la Bayeye, wale wa ngoma za Kisukuma wanaocheza na chatu shingoni. Bibi akasema yeye atasikiliza tu.

Nikaanza. Paukwa! Pakawa! Shing'weng'we katua. Kameza Buhongwa yote, kameza na daladala ikiwa na abiria wake, konda bado anaita, "Mjini mjini, wawili tu!" Watoto hoi kwa kicheko.

Sasa angalia jambo moja. Bibi haoni ramani. Kila mtu aliponyoosha kidole kwenye simu na kusema "napita hapa," bibi aliuliza, "Hapa wapi?" Ikabidi waseme. Napita nyuma ya jiwe lile kubwa lenye mti umeotea juu, bibi. Kuna giza, nasikia maji yanatiririka chini. Mara ya kwanza walisema kwa uvivu, mara ya tano walikuwa wanasimulia kuliko mimi. Picha ya angani ya Google ilikuwa pale inawaka, na hakuna aliyekuwa anaitazama.

Tukapigana na zimwi saa nzima. Mwishoni mcheza nyoka akarusha, simu ikatoa 18, Shing'weng'we chini! Akampasua tumbo, watu wakatoka, ng'ombe wakatoka, daladala ikatoka na konda wake. Shangwe! Sufuria nayo inapiga kelele kutoka Dodoma. Mimi nikaanza kukunja daftari langu.

Ndipo bibi akasema, "Na mimi je?"

"Wewe nani tena, bibi?"

"Mimi yule kikongwe niliyekuwa mle tumboni. Ulipopasua kwa pupa, kisu chako kimenikata sikio. Nataka haki yangu."

Msomaji wangu, ile hadithi ya kale inacho hicho kipande. Wanapotoka watu, kikongwe mmoja anakuwa amekatwa sikio, naye anamkasirikia vibaya shujaa aliyemuokoa. Watoto hawakukijua. Walikuwa wanajua zimwi tu.

Kijana akacheka. "Haya, namuomba radhi. Natumia Ulimi." Ana Ulimi 1, jambo gumu, anataka 15. Akabonyeza. Ishirini! Ndiyo namba kubwa kuliko zote, hakuna zaidi ya hapo. Akaruka juu, "Nimesamehewaaa!"

Bibi wala hakutikisika. "Hiyo ni simu ndiyo imeomba radhi," akasema. "Wewe hujanambia kitu."

Kimya. Kijana akanitazama mimi msimulizi nimtetee, maana kwa sheria ameshinda. Nami nikaangalia paa. Mama watoto akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa. Hata sufuria ilinyamaza.

Kijana akatoka alipokuwa, akasogea mkekani mpaka karibu na miguu ya bibi yake. Akakwaruza koo. Kisha akasema, "Bibi, nisamehe. Niliangalia tumbo la zimwi, wewe sikukuona."

Sijui kama alikuwa anamsemea mcheza nyoka au anajisemea yeye. Bibi naye hakuuliza. Alinyoosha mkono akatafuta kichwa chake, akakishika. "Fidia yangu," akasema, "ni hii dawa yangu ya macho. Kila siku saa mbili usiku, uniwekee wewe. Mama yako ananimwagia mpaka shingoni."

Mama watoto akang'aka, "Mama jamani!" na kicheko kikarudi.

FIDIA IMELIPWA

Ninavyokwambia, kijana aliweka dawa ile kila usiku mpaka chupa ikaisha. Ni matone mawili tu, nusu dakika imekwisha. Lakini matone yakishaingia bibi anatakiwa afumbe jicho kidogo, na bibi akifumba jicho mdomo unafunguka. Ndipo kijana aliposikia babu yake alikuwa nani, kwa nini shangazi fulani hali samaki fulani, na nani alihama na ng'ombe kwenda wapi. Siku hizi asubuhi anasema "mwangaluka" na akipewa chai anajibu "wabeja." Kisukuma chake bado ni cha kuokoteza, kina makengeza, lakini kipo.

Jicho la pili nalo lilitibiwa, na bibi amesharudi Misungwi. Katika simu yangu nina sauti yake, vipande 11, nimevihifadhi sehemu mbili tofauti ili simu ikidondokea kwenye ndoo ya maji nisilie. Bibi mwenyewe ana kitochi, WhatsApp haiingii. Jumamosi tunampigia simu ya kawaida, tunamtia kwenye sufuria, naye anacheza. Bado ni yule kikongwe wa sikio, na bado ni mkali.

UKITAKA KUANZA NA WEWE

Usinunue chochote. Anza na watu watatu na hadithi moja ambayo mzee wa nyumba anaijua. Kama ni Mchaga, Mhaya, Mzaramo au Mkerewe, mazimwi hayajapungua nchi hii.

Kaa saa moja na nusu, usizidishe. Watoto wakitaka zaidi, waambie wiki ijayo. Mchezo unanoga ukikatwa ukiwa moto.

Msimulizi asiwe baba kila siku. Kitinda mimba wangu kasimulia mara mbili, na zimwi lake lilikuwa mwalimu wa zamu. Sikumuuliza maswali.

Watoto wakikosa vya kubuni, wapeleke Bujora kule Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Watazame ngoma na vyombo vya wazee. Omba ruhusa kwanza kabla ya kupiga picha, halafu kila picha igeuze kuwa kifaa cha safari: ngoma hii inaita mvua, kigoda hiki hakikaliwi na mwongo.

Na dadu ya simu iache ifanye kazi yake, ya kusema kama umevuka mto au umeliwa. Mtu akitaka kuombwa radhi, usibonyeze kitu.

Haya, msomaji wangu, kwa leo kalamu naiweka chini. Kikongwe wetu kasema Jumamosi hii anataka sikio jipya, na mhunzi wa Dodoma kadai anaweza kulifua. Tutaona. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.